Nani Atoe Mwili wa Mtoto? Uhakiki wa Fundisho la Zawadi na Sheria ya Ridhaa

Katika lugha yetu neno "kutoa" lina maana mbili. Mzazi anayekubali figo za mtoto wake aliyefariki zikamponye mwingine, tunasema ametoa figo. Daktari anayeufungua mwili na kuzichukua, naye tunasema ametoa figo. Hata mtu mwovu anayefukua kaburi usiku, tunasema ametoa kiungo cha marehemu. Neno ni lile lile, na mkono unafanya kazi inayofanana. Kinachotofautisha sadaka, tiba na wizi ni ridhaa: nani alikubali, alikubali kwa niaba ya nani, na je, aliulizwa kwa haki? Katika makala hii tunahakiki majibu mawili yanayotolewa kuhusu mwili wa mtoto aliyefariki. La kwanza ni fundisho la Kanisa kuhusu zawadi, hasa jinsi linavyohubiriwa. La pili ni sheria za nchi.

Msomaji wa Ngumbo, Liuli au Lituhi anaweza kusema kwamba jambo hili ni la mbali. Hospitali tunazozikimbilia, Liuli kwa ndugu zetu Waanglikana, Litembo na Peramiho kwa upande wetu, si mahali pa kupandikiza viungo. Lakini nchi yetu imeshaanza safari hiyo. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Figo hizo zilitolewa na watu hai, ndugu wa wagonjwa. Nchi nyingi zilizoanza hivyo zilifika baadaye kwenye viungo vya marehemu, na kati ya marehemu wamo watoto. Mtoto wetu anapopewa rufaa kwenda Songea, kisha Dar es Salaam, swali hili linaweza kumkuta mama yake akiwa peke yake kwenye benchi la wodi, saa nane za usiku, simu ya baba haipatikani. Ni afadhali tulifikirie sasa, tukiwa na utulivu.

Fundisho la zawadi

Tuanze na lililo jema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2296, inasifu tendo la kutoa viungo baada ya kifo na kulihimiza kama tendo la ukarimu. Lakini namba hiyo hiyo inasema kwamba tendo hilo halikubaliki kimaadili ikiwa mtoaji, au mwenye haki ya kusema kwa niaba yake, hakutoa ridhaa iliyo wazi. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Evangelium Vitae wa mwaka 1995, alilihesabu tendo hili kati ya matendo ya kishujaa ya maisha ya kila siku. Tarehe 29 Agosti 2000, alipozungumza mjini Roma na wataalamu wa upandikizaji kutoka mataifa mbalimbali, alifafanua zaidi: kiungo si bidhaa, hakiuzwi wala hakinunuliwi, kukitoa ni uamuzi wa mtu kujitoa mwenyewe kwa upendo, kwa hiyo ni lazima aelezwe na akubali kwa hiari.

Tunaipenda hotuba hiyo. Inaulinda mwili usigeuzwe kuwa ghala la vipuri. Inamfunga mikono tajiri anayetaka kununua. Inamkumbusha daktari kwamba mbele yake amelala mtu, wala si kitu. Tatizo letu ni sentensi moja tu. Baada ya kujenga fundisho zima juu ya uamuzi wa mtoaji mwenyewe, Baba Mtakatifu anasema kwamba pale ambapo marehemu hakuamua, ridhaa ya ndugu zake ina uhalali wake kimaadili. Kisha anaendelea na mambo mengine.

Sentensi hiyo inatosha kwa mtu mzima. Mzee wa miaka sitini aliyekaa kimya kuhusu viungo vyake alikuwa na nafasi ya kusema, akaiacha. Ndugu wanaposema kwa niaba yake wanajazia nafasi aliyoiacha yeye. Lakini mtoto wa miaka mitano hakuiacha nafasi yoyote. Hakuwahi kupewa. Ukimya wa mzee na ukimya wa mtoto ni vitu viwili, na hotuba imeviweka katika kapu moja. Ikiwa zawadi ya kweli ni mtu kujitoa mwenyewe, basi mtoto huyu hakujitoa; ametolewa. Hatusemi kwamba ni dhambi kumtoa. Tunasema kwamba jambo hilo linahitaji jina lake na masharti yake.

Lugha yetu inaweza kutusaidia hapa. Tuna neno "ridhaa" na tuna neno "radhi". Yanatoka katika shina moja, lakini hayafanyi kazi moja. Radhi ni ya mzazi mwenyewe: humpa mwanawe anayeoa, anayesafiri, anayeingia seminari. Ridhaa tunayoizungumzia hapa mzazi anaitamka kwa jina la mwingine. Tunapokosa kuyatofautisha, tunadhani mzazi anaweza kutoa mwili wa mwanawe kama anavyotoa radhi, yaani kwa sababu ni wake. Lakini mtoto, akiwa hai au amefariki, si mali ya mzazi. Alikabidhiwa kwake siku ya ubatizo mbele ya sisi sote.

Jinsi tunavyohubiri

Wahubiri wa nchi nyingi hupenda kusimulia habari za Nicholas Green. Alikuwa mtoto wa Kimarekani, umri wa miaka 7. Septemba 1994 alikuwa safarini na wazazi wake kusini mwa Italia, majambazi wakalifyatulia risasi gari lao usiku, na Nicholas akafariki siku chache baadaye. Wazazi wake walikubali viungo vyake vitolewe. Waitalia 7 walivipokea, na katika miaka iliyofuata idadi ya watu waliokubali kutoa viungo nchini Italia iliongezeka sana. Ni habari ya kweli na inagusa moyo. Wageni, katika nchi iliyowaulia mwana, waliwaachia watu wa nchi hiyo uhai.

Hata hivyo habari hii mara nyingi husimuliwa vibaya. Kwanza, msimuliaji humfanya Nicholas mwenyewe kuwa mkarimu, kana kwamba alikaa akaamua. Hakuamua. Ukarimu ulikuwa wa wazazi wake, na ni mkubwa vya kutosha bila kumwekea mtoto maneno mdomoni. Pili, habari hiyo huunganishwa na Abrahamu na Isaka, kana kwamba Mungu humpima mzazi aliyefiwa kwa kumtaka atoe. Tusome vizuri Mwanzo 22. Isaka yu hai, na Mungu anauzuia mkono wa baba. Anayeitumia sura hiyo kumsukuma mama aliyefiwa atie sahihi anaigeuza kichwa chini miguu juu, na anaongeza mzigo wa hatia juu ya mzigo wa msiba. Mzazi anayesema "hapana" hajashindwa mtihani wa imani.

Tatu, tunasahau kumtazama mtoto. Katika Injili ya Yohane sura ya 6, Andrea anamwambia Yesu kwamba yupo mvulana mwenye mikate mitano na samaki wawili. Baadaye Yesu anaitwaa mikate. Mwinjili hasemi kama mvulana aliulizwa. Huwa tunahubiri juu ya ukarimu wake, lakini ukarimu huo tumeuongeza sisi. Tunaamini Bwana hakumnyang'anya mtoto chakula chake. Lakini mazoea yetu ya kuruka hatua ya kumuuliza mtoto, hata tunaposoma Injili, yanaonyesha jinsi tunavyoweza kuiruka hospitalini.

Na Kanisa lenyewe halina desturi ya kumpuuza mtoto. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 97, inasema aliye chini ya miaka 18 ni mdogo, lakini akitimiza miaka 7 anahesabiwa kuwa na matumizi ya akili. Kanuni ya 111 inamruhusu anayebatizwa akiwa ametimiza miaka 14 kuchagua kwa hiari yake Kanisa la riti atakayobatizwa ndani yake. Tukimwamini kijana wa miaka 14 katika jambo la ubatizo wake, hatuna sababu ya kumwona hawezi kusema neno lolote kuhusu mwili wake.

Jinsi sheria zinavyouliza

Sheria nazo zina mapengo. Upandikizaji ulipoanza Muhimbili, hapakuwa na Sheria ya Bunge iliyotungwa mahsusi kwa kazi hiyo. Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, inaweka maslahi ya mtoto mbele, na katika kifungu cha 11 inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake. Ni sheria njema, lakini iliandikwa kwa ajili ya mtoto aliye hai. Haimwambii daktari amuulize nani pale mtoto anapokata roho.

Jirani zetu Wakenya wametunga Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Humo, mtu mwenye uwezo wa kuandika wosia anaweza kutoa mwili wake au sehemu yake kwa ajili ya baada ya kifo. Asipokuwa ameamua, wanaoweza kukubali wametajwa kwa mpangilio: mwenzi wa ndoa, mtoto mkubwa, mzazi, mlezi, kisha kaka au dada mkubwa. Mtoto mdogo hawezi kuandika wosia, wala hana mwenzi wala watoto. Kwa hiyo kwake orodha inaanzia kwa mzazi.

Tuipime orodha hiyo kwa maisha ya kwetu. Inasema mzazi, mmoja. Haisemi baba na mama wakubaliane. Kisha inamweka mlezi nyuma ya mzazi. Kwenye pwani hii ya ziwa kuna watoto wengi wanaolelewa na bibi, huku baba akiwa Dar es Salaam na mama akiwa ameolewa kwingine. Bibi ndiye aliyemtwanga mhogo, ndiye aliyekesha naye alipopata malaria, ndiye anayejua mtoto alikuwa akiogopa nini. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Lakini kwa orodha ya namna hii baba ambaye hajafika kijijini kwa miaka minane anaweza kutia sahihi, na bibi akaletewa mwili kwa gari akiwa hajui kilichofanyika. Sheria imetafuta mtu wa kutia sahihi kwa haraka. Haikumtafuta anayemjua mtoto.

Uingereza inatupa mfano mwingine. Sheria yake ya Tishu za Binadamu ya mwaka 2004 inasema kwamba ikiwa mtoto alikuwa na uwezo wa kuelewa jambo hilo, na alikubali au kukataa akiwa hai, uamuzi wake ndio wa kwanza. Asipokuwa ameamua, anaulizwa mwenye dhamana ya mzazi. Mwaka 2020 Uingereza ilibadili utaratibu wake kwa watu wazima, kwamba asiyekataa ahesabiwe amekubali. Sheria hiyo inajulikana kwa majina ya watoto wawili, Max na Keira. Keira alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 9 baada ya ajali ya gari, na moyo wake akapewa Max. Baba yake ndiye aliyekubali, kwa sababu mama yake alikuwa amejeruhiwa vibaya katika ajali hiyo hiyo. Lakini sheria inayobeba jina la Keira haimgusi mtoto kama Keira. Walio chini ya miaka 18 wameachwa nje yake; kwao bado ni lazima mtu aulizwe. Tunaona hapo hekima: ukimya wa mtoto usihesabiwe kuwa ndiyo.

Hofu yenye sababu

Waingereza hawakufika hapo kwa fikra tu. Katika hospitali ya watoto ya Alder Hey, mjini Liverpool, kati ya mwaka 1988 na 1995 daktari wa uchunguzi wa maiti alichukua na kuhifadhi viungo vya watoto waliofariki bila wazazi kujua. Jambo lilipofichuka mwaka 1999, na ripoti ikatolewa mwaka 2001, wazazi walijua kwamba wamezika watoto wasio kamili. Wapo waliozika mara ya pili, hata ya tatu, kila kilipopatikana kiungo kingine. Wengi wa wazazi hao wangeulizwa kwa heshima, huenda wangekubali. Kilichowaumiza ni kutoulizwa.

Sisi tuna kidonda chetu. Katika nchi yetu watu wenye ualbino, wakiwemo watoto, wameuawa na kukatwa viungo kwa ajili ya ushirikina, na ng'ambo ya ziwa, Malawi, mashambulizi ya namna hiyo yaliongezeka tangu mwishoni mwa mwaka 2014. Makaburi yamefukuliwa. Familia zimejengea makaburi ya watoto wao kwa zege. Kwa hiyo mama wa Ngumbo anayesikia maneno "viungo vya mtoto" na kushtuka si mjinga. Amesikia maneno hayo katika habari mbaya. Anayetaka kumfundisha juu ya zawadi lazima kwanza amhakikishie kwamba ana haki ya kukataa, na kwamba akikataa hakuna atakayepita mlango wa nyuma.

Rispa

Tukitafuta katika Maandiko mtu wa kutuongoza, hatumwoni Abrahamu. Tunamwona Rispa binti Aya, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 21. Mfalme Daudi aliwatoa wanawe wawili pamoja na wajukuu watano wa Sauli, wakauawa. Hakuna aliyemuuliza Rispa. Alikuwa suria wa mfalme aliyekwisha kufa. Hakuwa na cheo wala nafasi katika orodha ya mtu yeyote. Akatandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua ilipowanyeshea, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakuwa mwenye miili ile. Alikuwa mlinzi wake. Daudi alipopata habari zake, ndipo alipoikusanya mifupa na kuizika kwa heshima.

Kwa maoni yetu huyo ndiye mzazi ambaye sheria inapaswa kumwona mbele yake: mlinzi. Na mlinzi anaweza kukubali. Rispa hakuulinda mwili ili uwe wake, aliulinda usidhalilishwe. Mzazi akieleweshwa kwamba kiungo cha mwanawe kitachukuliwa kwa heshima, kwa mtoto mwingine anayekihitaji, bila fedha, na mwili utarudishwa uzikwe, anaweza kusema "ndiyo" akiwa mlinzi mwaminifu. Anaweza pia kusema "hapana" akiwa mlinzi mwaminifu. Ridhaa yake ni ushuhuda juu ya mtoto aliyemjua. Tukiiita ushuhuda badala ya zawadi, tunaelewa pia kwa nini anayemjua mtoto zaidi lazima asikilizwe, hata kama ni bibi asiye na karatasi.

Yupo atakayetupinga, na hoja yake ni nzito. Atasema: moyo wa mtu mzima hauwezi kukaa katika kifua cha mtoto mdogo; mtoto anayehitaji moyo anaungoja kwa mtoto mwenzake aliyefariki, na saa zinahesabika. Mkiongeza watu wa kuulizwa, mtoto anayengoja atakufa. Hatuwezi kuikwepa hoja hiyo. Ni kweli kwamba kuuliza vizuri kutagharimu, na gharama hiyo wakati mwingine itakuwa ni uhai. Lakini kuuliza vibaya kunagharimu zaidi. Watu wakiona mara moja tu kwamba mtoto amechukuliwa viungo na bibi yake hakujua, watawaficha wagonjwa wao, wataikimbia hospitali, na watoto wengi zaidi watakufa majumbani kwa magonjwa yanayotibika.

Kwa hiyo Bunge letu litakapotunga sheria ya jambo hili, tunatamani Kanisa lipeleke maoni yenye mambo manne. Neno la mtoto mwenye umri wa kuelewa, alilolisema akiwa hai, litangulie, na "hapana" yake isivunjwe na mtu yeyote. Wazazi wote wawili watafutwe, na mmoja akikataa, iwe imekataliwa. Aliyemlea mtoto kwa kweli aulizwe kabla ya sahihi. Na anayeomba ridhaa asiwe daktari yule yule aliyetangaza kifo wala yule atakayepandikiza.

Mengine hayangoji Bunge. Katika jumuiya zetu ndogondogo tunaweza kumsaidia bibi anayelea wajukuu aende ofisi ya kijiji na ustawi wa jamii, ulezi wake uandikwe na wazazi wa mtoto waukubali. Makatekista wa kipaimara wanaweza kutenga kipindi kimoja kuzungumza na vijana juu ya mwili, kifo na ufufuko, wakawaacha waulize bila kuwahimiza kutoa wala kutotoa. Na wanaokwenda kuwafariji wafiwa wajue kwamba mzazi aliyekataa na mzazi aliyekubali wote wawili wanahitaji kuombewa, kupikiwa na kukaliwa karibu siku zote za matanga, bila mtu kuwauliza kwa nini.